Kompyuta ya gemu inapondwa mtandaoni: ninunue au niiache?

*Nimepata kompyuta ya gemu iliyoundwa tayari, bei naimudu, ila wanunuzi wengi mtandaoni wanaiponda. Niiache?* (Kijana, Umoja)

Usiiache kabla hujasoma wanalalamikia nini. Nyota pekee hazikuambii kitu: aliyeletewa boksi lililobonyea anatoa nyota moja, na ambaye mashine inajizima katikati ya mechi naye anatoa hiyo hiyo moja. Kuna pia wanaolaumu mashine bure. Ukiitazama kwa nyuma, tundu la HDMI (la waya wa skrini) lililo juu, karibu na ya USB, ni la madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote. Yaliyojipanga chini zaidi ni ya kadi ya grafiki, kipuri kinachochora picha za gemu. Mtu anachomeka skrini juu, kadi ya maelfu ya shilingi inakaa bila kazi, kisha anaandika kwamba gemu zinakwama.

Ya kukutia wasiwasi ni kasoro ileile kutajwa na watu wengi wasiojuana: joto, kujizima, pawa saplai (kipuri kinachogawa umeme ndani ya mashine) kuungua. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilianza hivyo. Wachezaji walilalamika kwamba gemu zinajifunga zenyewe, na mwaka 2024 Intel ikakiri kuna tatizo kwenye baadhi ya prosesa hizo za kompyuta za mezani, ikatoa sasisho la BIOS (programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta) na kuongeza waranti kwa miaka 2. Kama unayoitaka ina prosesa ya vizazi hivyo, mwambie muuzaji akuonyeshe BIOS imesasishwa kabla hujatoa pesa.

*Wanasema vipuri vyake ni vya kampuni hiyo peke yake. Ni neno kubwa?* (Msomaji, Rongai)

Kwangu ndilo kubwa kuliko yote. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikiwa kidogo utaongeza, feni ikipiga kelele utabadilisha. Lakini madabodi na pawa saplai zenye umbo la kampuni zinakufunga, na kompyuta kadhaa za Alienware na za ofisi za Dell zimelaumiwa kwa hilo. Pawa saplai ya kawaida ya ATX, yaani ya vipimo vinavyotumiwa na kampuni nyingi, ikikufa leo, unashuka Luthuli au Moi Avenue mjini Nairobi na kurudi na nyingine. Ya umbo la kipekee utaisubiri iagizwe, au ukubali iliyotumika. Omba kifuniko cha ubavuni kifunguliwe dukani. Ukiona waya mpana wenye pini 24 umeingia kwenye madabodi, hiyo ni dalili nzuri.

*Muuzaji anasema mashine ya mwanangu ni kali kwa sababu ni "i7".* (Mzazi, Kasarani)

Mzazi mwenzangu, "i7" ni jina la daraja la prosesa za Intel, juu ya i5, lakini daraja pekee halitoshi: muulize ni kizazi cha ngapi. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011, na Core i5-12400, japo ni i5, inaiacha mbali sana. Tena Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11.

*Shangazi ananiletea kutoka Marekani. Nichomeke tu?* (Msomaji, Buruburu)

Hapana! Kwanza angalia nyuma, karibu na mahali waya wa stima unapoingia. Baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Stima yetu ni volti 240. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115, utasikia mlio na harufu ya kuungua papo hapo. Kama lebo inasema 100–240V, tafuta waya wenye plagi yetu ya pini tatu, basi. Fungua pia ubavu uondoe sponji lililowekwa ndani kwa ajili ya safari.

*Dukani wameandika "mali ikishauzwa hairudishwi". Ikiharibika nimekwisha?* (Msomaji, Pipeline)

La. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya wanunuzi. Ila utahitaji ushahidi, na ujumbe wa M-Pesa unaonyesha umelipa, hauonyeshi umenunua nini. Dai risiti yenye namba ya utambulisho (serial number) ya mashine na ya kadi ya grafiki, na muda wa waranti uandikwe hapo hapo.