Kabla hujamwambia awe jasiri, mtafutie glavu za saizi yake

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa sinywi maji mpaka jua lizame. Tulikuwa tunajenga laini ya umeme ya msongo wa kilovolti 33 mkoani Singida, watu 14 kambini, mwanamke mimi peke yangu. Choo kilikuwa kimoja, cha turubai, hakina komeo, na upepo wa Singida haubishi hodi. Nikajizoesha kukaa na kiu. Nikaugua njia ya mkojo mara mbili kabla mradi haujaisha, na mara zote mbili nilimwambia msimamizi ni malaria.

Nilificha kwa sababu siku ya kwanza niliambiwa, "Dada, hii ni kazi ya kiume, ukivumilia tutakwenda pamoja." Basi nikavumilia. Leo nasimamia karakana na timu ya mafundi wa umeme, na wasimamizi wenzangu wakiniuliza mbona wasichana wanaowaajiri wanaondoka kabla ya miaka miwili, nawajibu: acheni kuwapima uvumilivu, tazameni kazi mmempangia nani.

Anzia stoo. Tulipofika hatua ya kuunganisha laini ndogo za vijijini tulipewa glavu za mpira za kuhami umeme, zile za daraja 0 zinazotumika hadi volti 1,000. Kabla ya kuzivaa unakunja mdomo wake, unabana hewa ndani, unasogeza sikioni usikie kama inavuja. Zangu hazikuvuja. Shida ilikuwa saizi. Stoo nzima ilikuwa na namba 10 na 11, na mkono wangu ni namba 8. Ncha za vidole zilibaki tupu, zimejikunja mbele ya vidole vyangu. Sasa panda ngazi ukaishike nati ya spana namba 13 kwa vidole vya namna hiyo. Inaponyoka, unashuka, unaitafuta kwenye majani, unapanda tena. Fomeni akaandika kwenye tathmini yangu kwamba ni mwangalifu lakini mzito.

Neno hilo "mzito" lilinifuata hadi mradi wa pili. Huko nilimkuta mzee wa stoo aliyenitazama nikivaa, akaniuliza, "Mwanangu, hizo umeazima kwa nani?" Alipoagiza vifaa vya mwezi uliofuata akaongeza boksi moja la namba 8, kwa muuzaji yuleyule na kwa bei ileile. Wiki hiyohiyo nilianza kwenda sambamba na wenzangu. Hakuna mtu aliyerudi kufuta lile neno.

Kwa hiyo mpime kila fundi mkono, mguu na kiuno siku anaporipoti, mwanamume na mwanamke, kisha ndipo uagize. Mkanda wa usalama wa kupandia nguzo ukimpwaya mtu mapajani haumkingi akianguka. Ovaroli pia: ile ya kipande kimoja inamlazimu mwanamke avue nusu ya mwili ili aende haja ndogo. Nunua za vipande viwili. Na choo kiwe na komeo kwa ndani, maji, na chombo chenye mfuniko cha kutupia pedi. Haya hayahitaji semina.

Lakini kinachowarudisha nyuma wasichana wengi zaidi hakisemwi kwa ubaya. Kinasemwa kwa huruma. "Leo jua kali mwanangu, wewe baki ofisini utuandikie ripoti." "Huko kituoni mtalala njiani, mwache dada apumzike." Wanaosema hivyo ni watu wema, wengi wao wana mabinti. Siku zinakwenda, na binti anakuwa hodari wa kuandika mihtasari ya vikao.

Hapa kwetu Tanzania mhandisi mhitimu anahitaji walau miaka 3 ya uzoefu wa vitendo kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Uzoefu huo unaandikwa, unasainiwa na msimamizi, unatetewa. Niliwahi kuletewa daftari la kazi na binti aliyefanya kazi kwa watu kwa miaka miwili na nusu. Nikapekua. Mahudhurio ya vikao, maombi ya vifaa, barua, mahudhurio tena. Siku moja tu ya kupima ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, na kwenye siku hiyo ameandika "nilishika karatasi ya kurekodi". Alioanza nao kazi pale walikuwa wamekwishafanya majaribio ya transfoma mpaka wamechoka. Yeye alihurumiwa hadi akabaki hana cha kuandika. Alilia ofisini kwangu, na sikuwa na neno la kumpa zaidi ya kumpangia zamu.

Baada ya hapo nikaona nijikague. Kwa mwezi mmoja niliandika kila safari ya kwenda kituo cha kupozea umeme na nani alikwenda. Safari 19. Mafundi wetu watatu wa kike kwa jumla walikwenda mara 2, na ratiba nilikuwa naipanga mimi, mwanamke, niliyepitia yote niliyoyasimulia hapo juu. Niliumia kuona karatasi ile. Fanya hesabu hiyo kwako kabla ya kusema kwenu hakuna ubaguzi.

Siku hizi zamu tunabandika ukutani kila Jumatatu, zinakwenda kwa mzunguko. Anayetaka kubadilishana anaruhusiwa, ila anaomba mwenyewe, haombewi. Kuandika muhtasari wa kikao nako ni kwa mzunguko, na mafundi wa kiume wameandika vizuri tu.

Ukiweza, ajiri wawili kwa pamoja. Aliye peke yake hugeuzwa msemaji wa wanawake wote: akikosea, "wanawake ndivyo walivyo", akifaulu, "huyu si kama wengine". Na usimsimamishe mbele ya kikao umuulize wanawake wanataka nini. Muulize faraghani, tena muulize kuhusu kazi.

Malalamiko ya kushikwashikwa na maneno machafu yasipitie kwa fomeni peke yake, maana huenda mlalamikiwa ni fomeni huyohuyo. Weka watu wawili wa kupokea, mmoja awe nje ya idara, na majina yao yajulikane siku ya kwanza. Anayelalamika asihamishwe yeye.

Kuhusu uzazi, wasimamizi wengi wanazijua siku 84 za likizo wakaishia hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, inampa anayenyonyesha hadi saa 2 ndani ya muda wa kazi kila siku, na inakataza kumpangia zamu ya usiku katika miezi 2 kabla ya kujifungua na miezi 2 baada yake.

Fundi sanifu wetu mmoja alirudi likizo wakati saiti ilikuwa kilomita 40 kutoka mjini. Naibu wangu akapendekeza, kwa nia njema kabisa, tumpeleke masjala mpaka mtoto akue. Nikamwita mwenyewe. "Mama," akasema, "mimi naomba ile kazi ya rilei." Kituo tulichokuwa tunakifanyia majaribio ya rilei za ulinzi, vifaa vinavyoamuru umeme ukatwe hitilafu ikitokea, kiko dakika kumi kwa bodaboda kutoka kwake. Tukaondoa makopo ya rangi kwenye chumba kidogo cha nyuma, tukatia kitasa, kiti na pazia. Bibi alikuwa analeta mtoto saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, fundi ananyonyesha, anarudi kwenye paneli.

Daftari lake la mwezi ule lina kurasa 11 za vipimo alivyovichukua kwa mkono wake. Nimezisaini zote.