Kiatu cha mbele bapa kimeonewa

Swali lenu la wiki hii linasema ni vazi gani la kiume limesemwa vibaya bila haki, jibu langu mimi ni kiatu cha ngozi cha mbele bapa, kile ambacho pale vidole vinapoishia kimekatwa mraba. Hapa Dodoma kwa vijana wa maofisini hicho ni kiatu cha wazee, ukitokea nacho kwenye sendofu utaulizwa umekitoa sanduku gani. Nakipenda kweli na naona wengi wanakihukumu kwa toleo moja tu, lile baya kuliko yote.

Watu wanadhani kimeanza miaka ya 90, si kweli hata kidogo. Zamani huko Ulaya walivaa viatu vya kuchongoka na urefu wa ile ncha ndo ukawa cheo cha mtu, mpaka mwaka 1463 Uingereza chini ya mfalme Edward IV ikapitishwa sheria kwamba kama wewe si lodi, yaani mkubwa mwenye cheo, ncha isizidi inchi 2 kupita vidole. Na miguu iliumia jamani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitoa matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa mjini humo na jirani, wa karne ya 11 hadi 13 ni asilimia 6 tu waliokuwa na kidole gumba kilicholala upande, ila wa karne ya 14 na 15, wakati ncha zimeshika kasi, ikawa asilimia 27! Halafu mwisho wa karne ya 15 fasheni ikageuka moja kwa moja, mbele pakapanuliwa, ndo maana kwenye nakala za ile picha ya mfalme Henry VIII wa Uingereza aliyoichora mchoraji Holbein mwaka 1537 unamwona kasimama miguu kaitanua na viatu vyake ni vipana mbele kuliko nyuma. Karne ya 17 mraba ukarudi tena, safari hii mwembamba wenye kisigino, na viatu vingi enzi hizo havikuwa na kulia wala kushoto, vyote viwili umbo moja.

Sasa kilichokiponza ni hapa karibuni. Miaka ya 90 kuingia 2000 viwanda vikakirefusha mno, mbele kikalazwa kabisa, soli nene ya kubandika na gundi, kikavaliwa na suruali pana za marinda kikaonekana sawa tu kwa sababu suruali ilikuwa inakifunika nusu, zilipokuja modo kiatu kikabaki wazi chote, kirefu, mguu mwembamba juu yake, basi watu wakakichukia. Lakini hilo ni kosa la kalibu, lile umbo la mguu ambalo fundi anajengea kiatu, mraba wenyewe haujakosea chochote. Mafundi wa Northampton kule Uingereza wanatengeneza mpaka leo viatu vya suti vyenye mbele iliyonyooka kama patasi, pembe zimelainishwa kidogo, na ni vya bei ya juu haswa. Hata wanawake mwaka 2019 Bottega Veneta, kampuni ya mitindo ya Italia, iliwarudishia mbele bapa na wakaipokea vizuri tu.

Na sisi wengi huku kati tumekua tunatembea peku, mguu umetanuka mbele, kiatu kilichochongoka unakivua saa saba mchana chini ya meza. Hiki unakaa nacho kutwa nzima pale Mtumba kwenye ofisi za serikali mpaka jioni.

Anayetaka kujaribu aende kwenye mitumba Sabasaba asubuhi, akitazame kiatu kutoka juu, pembe ziwe za mviringo kidogo na nafasi mbele ya kidole isizidi upana wa kidole gumba cha mkono. Akikunje, ngozi halisi inafanya mikunjo midogo midogo, feki inakatika mstari mmoja na baadaye inabanduka. Aangalie na soli kama imeshonwa. Vumbi letu na kokoto zinachubua zile pembe kwanza kabla ya sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo kiwi ianzie hapo, na suruali asivae modo, avae ya kunyooka inayogusa kamba za kiatu.