Maswali na Majibu: Kuchovya Matunda Kwenye Chokoleti Katika Joto la Kusini

Wiki hii nimeyaweka kando maswali ya pilau na keki, kwa kuwa wasomaji kadhaa wa Mtwara na Lindi wameniuliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kuandaa nyumbani matunda yaliyochovywa kwenye chokoleti kwa ajili ya sherehe. Wengi waliiona kazi hii kwenye video zilizopigwa katika nchi za baridi, wakaijaribu hapa pwani mwezi wa Novemba, na wakaishia kuwagawia wageni vitambaa vya kufutia mikono.

Shikamoo mama. Ninamwandalia dada yangu sendofu, lakini stroberi hapa mjini sizipati, na zikipatikana zimeshachoka. Nitumie tunda gani badala yake? (Binti wa Shangani, Mtwara)

Marahaba, binti yangu. Stroberi ni tunda la nyanda za juu zenye baridi, na likishasafiri hadi kwetu huwa limeanza kutoa maji, nami sioni sababu ya kulilipia bei kubwa ili tu sinia lifanane na picha. Jambo la kuangalia si jina la tunda bali uso wake: tunda likiwa kavu kwa nje, chokoleti hushika, likiwa na maji, chokoleti huteleza au hubanduka kama ganda baada ya saa moja. Kwa hiyo chenza ndiyo ningeichagua ya kwanza, kwa kuwa kila kipande chake kina ngozi nyembamba inayozuia maji, mradi usiipasue wakati wa kumenya na uondoe nyuzi nyeupe. Vipande virefu vya nazi iliyokomaa vilivyokaushwa kidogo kwenye kikaango kikavu hufaa sana, na vivyo hivyo embe kavu na zabibu za Dodoma zilizooshwa mapema zikakauka kabisa. Nanasi linawezekana, lakini vipande vipanguswe kwa kitambaa safi, vikae kwenye friji bila kufunikwa kwa saa moja au mbili, kisha vipanguswe tena kabla ya kuchovya. Papai bivu na tikiti maji viache viliwe kama vilivyo.

Niliyeyusha chokoleti kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Ilianza vizuri, kisha ghafla ikawa donge kavu kama udongo. Nilikosea wapi, na je, chokoleti ile niitupe? (Mama wa nyumbani, Mikindani)

Usiitupe, mama mwenzangu. Chokoleti ni chembe kavu za kakao na sukari zilizoelea ndani ya mafuta, na matone machache ya maji yakiingia, chembe zile hulowana juu juu na kugandamana. Mara nyingi maji hayo hutoka kwenye mvuke, kwenye mwiko wa mti uliooshwa asubuhi, au kwenye tunda lenyewe. Likishatokea, dawa yake inashangaza kidogo, kwa kuwa ni kuongeza kimiminika zaidi: chukua tui zito la nazi, au maziwa, likiwa moto, ulitie kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga mpaka donge lilainike na kung'aa. Halitaganda tena kuwa ganda gumu, lakini litakuwa rojo zuri la kumwagia ndizi, au la kuweka katikati ya meza ili kila mgeni achovye kipande chake mwenyewe. Mimi binafsi hulipenda hilo rojo la tui kuliko ganda lenyewe, na kwa gramu 200 za chokoleti mililita 100 za tui zinatosha.

Iwapo tatizo halikuwa maji, basi ulikuwa moto, kwa kuwa chokoleti iliyopelekwa moja kwa moja juu ya mkaa huungua chini kabla ya juu kuyeyuka, na iliyoungua haina tiba. Safari ijayo chemsha maji kidogo kwenye sufuria, ondoa makaa mengi, weka juu ya sufuria hiyo bakuli kavu lisilogusa maji, na uikatekate chokoleti vipande vidogo. Zikibaki chembe chache ambazo hazijayeyuka, epua na ukoroge. Joto lililomo litamaliza kazi.

Chokoleti yangu haigandi hata nikiisubiri saa mbili mezani, na nikiiweka kwenye friji hutoka na mabaka meupe na kutoa jasho. Je, imeharibika? (Mwalimu, Lindi Mjini)

Haijaharibika, mwalimu, na mabaka hayo hayana madhara. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu. Wapishi wa chokoleti huyazuia kwa kuipitisha chokoleti nyeusi katika joto la nyuzi 45 hivi, kuishusha hadi 27, kisha kuipandisha tena hadi 31 au 32 kabla ya kuchovya, ili mafuta yajipange vizuri yanapoganda. Tatizo letu unaliona mwenyewe: utaishusha vipi hadi nyuzi 27 katika jiko ambalo lenyewe lina nyuzi 30 na ushei? Mafuta ya kakao huyeyuka kabisa yakifika nyuzi 34, chini ya joto la mwili wetu, na ndiyo maana chokoleti humalizikia ulimini. Lakini huanza kulegea kabla ya hapo, kwa hiyo meza ya mchana wa Desemba mjini Lindi haiwezi kuigandisha, hata uipepee.

Ushauri wangu ni kuacha kushindana na hali ya hewa. Fanya kazi hii alfajiri au usiku, weka sinia kwenye friji kwa dakika 15 hadi 20, na matunda yaliwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mabaka huhitaji muda kujitokeza na wageni hawatayapa muda huo. Kuhusu jasho, hilo ni unyevu wa hewa ya bahari unaotua juu ya kitu cha baridi. Yahifadhi matunda kwenye chombo chenye kifuniko, na unapokitoa kwenye friji usikifunue papo hapo. Acha jasho litue juu ya kifuniko kwanza. Kisha toa sinia dogo dogo kwa zamu, baada ya chakula, wala si kulipanga lote tangu saa kumi jioni likisubiri hotuba ya mshenga.

Dukani kwetu hakuna chokoleti ya kipande, ila kakao ya unga ya kopo. Naweza kuitumia? (Kijana anayejifunza upishi, Masasi)

Unaweza, kijana wangu, kwa tunda lililogandishwa tu. Pasha nusu kikombe cha mafuta ya nazi, tia nusu kikombe cha kakao iliyochekechwa, vijiko vinne vya sukari ya unga na chumvi kidogo sana, ukoroge mpaka mchanganyiko uwe laini. Sukari ya kawaida haiyeyuki kwenye mafuta na itakwaruza meno. Soma vizuri maandishi ya kopo, kwa sababu unga wa kinywaji cha chokoleti kwa kawaida huwa na sukari nyingi kuliko kakao, na pia usitumie siagi ya kupaka mkate, kwa kuwa ina maji ndani yake. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 au 25, na kwa hapa kwetu hiyo ni kusema kwamba karibu mwaka mzima huwa yameyeyuka, hivyo ganda hili litakaa tu pale linaposhikiliwa na baridi ya tunda. (Inachekesha kwamba kakao yetu hulimwa Kyela, halafu sisi wa kusini tunaihesabu kuwa kitu cha ng'ambo.)

Je, mabibo yanaweza kuchovywa? Msimu huu yanaoza tu shambani. (Mkulima, Tandahimba)

Sikushauri, ndugu yangu. Bibo lina maji mengi, ukakasi wake hugombana na uchungu wa kakao, na likishaanguka halidumu siku. Tuletee korosho.

Mwanangu anatimiza miaka sita na nimealika watoto 30. Nataka kitu rahisi watakachokishika wenyewe. (Baba wa mtoto mmoja, Nachingwea)

Hongera, baba. Kwako wewe ni ndizi za kugandisha, na sioni kinachozishinda. Chukua kisukari zilizoiva lakini bado imara, uzimenye na kuzichoma kijiti kila moja. Ukipata mtwike, zikate nusu kwanza. Zipange kwenye sinia lenye karatasi bila kugusana na uziache kwenye friza saa tatu au zaidi, au usiku kucha. Yeyusha chokoleti pamoja na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia kwa kila gramu 200 ili iwe nyepesi, uimimine kwenye glasi ndefu, kisha tumbukiza ndizi na kuitoa. Ganda litashika ndani ya dakika moja hivi kwa sababu ya ubaridi wa ndizi, kwa hiyo awepo mtu wa pili mwenye korosho zilizokaangwa na kusagwa, anyunyize papo hapo.

Kadiria gramu 10 hadi 15 za chokoleti kwa kila ndizi, yaani chini kidogo ya nusu kilo kwa watoto wote 30. Waulize wazazi mapema kama yupo mtoto anayedhurika na karanga au korosho, na utenge ndizi zake kabla ya kunyunyiza. Walio chini ya miaka mitano wasipewe zabibu nzima wala korosho nzima, kwa kuwa huziba koo kwa urahisi, na vijiti vikatwe ncha.

Tunaandaa futari ya pamoja msikitini na tungependa kitu cha chokoleti kisichohitaji friji. (Akina mama wa Kilwa Masoko)

Basi tende, dada zangu. Zipasue upande mmoja, toeni kokwa, wekeni korosho moja iliyobanguliwa na kukaangwa, mfunge, kisha mchovye nusu tu ya tende, ili iwepo sehemu ya kushika. Msitie mafuta ya nazi katika chokoleti hii, kwa kuwa yatailegeza, na mchague iliyo nyeusi badala ya nyeupe au ya maziwa, ambazo hulegea mapema zaidi. Someni karatasi yake pia, kwa kuwa zipo zinazotiwa pombe ndani. Kama hata ile nyeusi itakataa kuganda siku hiyo, geuzeni mpango: pangeni tende zilizojazwa korosho kwenye sinia, na mmwagie rojo la tui kwa kijiko wakati adhana inapokaribia.