Fizio baada ya kutolewa plasta: yaliyonikuta mimi

Ndugu yangu, umesema plasta umetolewa juzi, fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, unaanza Jumatatu, unaogopa maumivu, na mama anataka kukuletea mkandaji. Mimi nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia kwa kuanguka na bodaboda Changamwe, Mombasa, nikakaa na plasta wiki sita. Hofu yako naijua.

Siku ya kwanza nilikwenda nikidhani nitakandwa. Sikukandwa. Karibu nusu saa ilikuwa maswali: uliangukaje, kazini unasimama au unakaa, maumivu ukiyapa alama kuanzia 0 hadi 10 ni ngapi. Kisha yule dada wa fizio akaniuliza, wataka mguu huu ukufanyie nini? Nikamwambia nataka niswali mkekani, nikae tahiyyatu, kile kikao cha swala cha kukalia miguu iliyokunjwa, maana wiki zote zile nilikuwa naswali kitini. Akaliandika. Nawe fikiria lako kabla hujaenda, mazoezi hupangwa kwa kufuata hilo.

Daktari aliporuhusu nikanyage, nilisimamishwa mbele ya ukuta, unyayo mzima chini, nisogeze goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Goti la mguu usioumia liligusa hata kidole gumba kikiwa mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Ule mwingine, kidole kimeegemea ukuta na goti bado halifiki. Nikautazama mguu ule na shavu lake, nyama ya nyuma chini ya goti, lilivyokonda, machozi yakanitoka. Kukonda kule ni kawaida, misuli iliyofungwa hupungua, na hurudi.

Maumivu yapo, sikufichi. Kuvuta na kuuma wakati wa zoezi, kisha kukatulia kufikia kesho yake, hakuna neno. Yakikunyima usingizi au mguu ukaamka umevimba kuliko jana, mwambie mtu wa fizio apunguze mazoezi. Lakini shavu la mguu likivimba, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikakukata, usingoje siku ya fizio. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, huenda damu imeganda mshipani.

Kazi yenyewe iko nyumbani. Kliniki nilikwenda mara mbili kwa wiki, nyumbani nilifanya mara tatu kwa siku: nakaa kitandani, mguu nimeunyoosha, leso nimeipitisha chini ya unyayo, naivuta taratibu nikihesabu hadi 30. Wiki niliyotegea, kipimo cha goti na ukuta kilibaki pale pale.

Mama mweleze kwa upole. Mfupa uliounga juzi usikandwe wala kuvutwa mpaka aliyeiona eksirei aseme. Mimi jirani alinikanda kwa nia njema, mguu ukavimba, mazoezi yakasimama wiki nzima.

Kama wavuka kwa feri ya Likoni, magongo usiyatupe mapema. Maji yakikupwa, kile kiteremko cha feri huwa kirefu, na watu wanasukumana. Ngoja umati upite. Kushuka tanguliza gongo na mguu mgonjwa, kupanda tanguliza mzima.

Jumatatu beba eksirei zote na barua ya daktari, uvae kaptura au suruali pana inayopandishwa hadi gotini.

Tahiyyatu niliikaa mwezi wa nne wa mazoezi, na mto mdogo chini ya kifundo. Wa tano nikauondoa mto.