Ukitaka Kuuelewa Mto Ganges, Anzia Devprayag

Wengi wakichora ramani ya Ganges huanzia Gaumukh, kaskazini mwa India kwenye milima ya Himalaya, kwenye mdomo wa barafuto (mto wa barafu) ya Gangotri, kisha wakateremka. Hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa mto unaotoka pale huitwa Bhagirathi. Jina Ganga, yaani Ganges kwa wenyeji, linaanza katika mji wa Devprayag, Bhagirathi unapokutana na mto Alaknanda. Weka kidole hapo, halafu panda na Alaknanda.

“Prayag” ni makutano ya mito, kwa hiyo majina ya miji yenyewe yatakuongoza. Utakuta Rudraprayag, mto Mandakini unapoingia; Karnaprayag, Pindar unapoingia; Nandaprayag, Nandakini unapoingia; na juu kabisa Vishnuprayag, Dhauliganga unapoingia. Ukijumlisha Devprayag ni matano. Ukingo wa kulia au wa kushoto hupimwa kwa kutazama maji yanakoelekea. Mandakini unaingilia kulia, ile mingine mitatu kushoto. Kwa kuwa wewe unapanda, ni rahisi sana kugeuza pande, basi zihakiki kabla ya kutia wino.

Upi ndio mto mkuu? Kwa wingi wa maji ni Alaknanda. Kwa heshima ya kidini, Bhagirathi. Andika yote mawili, maana ukifuta moja umepotosha.

Angalia pia rangi ya maji Devprayag. Bhagirathi hupita kwanza kwenye bwawa la Tehri, ukuta wa mita 260.5, ambako tope jingi hutuama. Ndiyo maana mara nyingi pichani utaona maji ya kijani na ya kahawia yakienda bega kwa bega kabla ya kuchanganyika.

Majina nayo yana mitego. Kuna Dhauliganga mwingine katika eneo la Kumaon, mashariki zaidi, unaomwaga maji kwenye mto Kali. Na Srinagar iliyo kando ya Alaknanda siyo ile ya Kashmir.

Tafadhali usiviache vijito vidogo. Tarehe 7 Februari 2021, wakati wa baridi, si msimu wa masika ya huko, pande la mwamba na barafu lilimeguka kutoka kilele cha Ronti. Likashuka hadi kijito cha Rishiganga, likapita kijiji cha Raini, likaingia Dhauliganga na kuufagia mradi wa umeme wa Tapovan. Watu zaidi ya 200 walikufa au kupotea. Ramani isiyo na Rishiganga haiwezi kueleza maji yale yalitoka wapi. Uchore, hata kwa mstari mwembamba.