Rangi imebanduka kwenye kichwa cha treni cha shaba: kosa halikuanzia kwenye rangi

Ndugu aliyeko Entebbe ameuliza kwa nini rangi ya kichwa chake cha kwanza cha treni ndogo ya mfano, alichokiunda kutoka vipande vya shaba ya manjano, imebanduka baada ya wiki tatu, kwa nini tangi limepata utando mweupe kama ukungu, na kama ni bora anunue rangi ya aina nyingine. Kwa maoni yangu rangi haina kosa. Kubanduka kulisababishwa na namna alivyolehemu, na utando ulisababishwa na saa aliyochagua kupulizia. Ninasema hivyo kwa sababu mambo yote mawili yamenipata mimi mwenyewe.

Kichwa changu cha kwanza kilikuwa cha Kiingereza, kile kidogo cha magurudumu sita kinachosukuma mabehewa stesheni, kwa kipimo cha 1:76, yaani kidogo mara 76 kuliko kichwa halisi. Shemeji yangu anayeishi Leicester alinitumia vipande vyake: mabati membamba ya shaba yaliyochorwa kwa asidi, pamoja na bomba la moshi na kuba la bwela vya madini meupe yanayoyeyuka upesi. Wengi hufurahia kukunja mabati hayo na kusahau kwamba kila kiungo kinachopata moto huacha kitu nyuma yake. Dawa tunayopaka ili lehemu itiririke huwa na asidi, mara nyingi asidi ya fosforasi, na asidi hiyo haiishi moto ukizimwa. Hubaki kwenye pembe za ndani, chini ya ubao wa kutembelea na nyuma ya ngazi, ikiendelea kula shaba polepole chini ya rangi. Kichwa changu kilipendeza kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha nikaona vidoa vya kijani vinachomoza kwenye kona ya kibanda cha dereva. Nilipogusa kwa ukucha, kipande cha rangi chenye upana wa kidole kikatoka kikiwa kizima, na upande wake wa ndani ulikuwa unang'aa. Rangi haikuwa imeshika chuma hata kidogo.

Tangu siku hiyo sikubali kulala kabla sijaosha nilicholehemu siku hiyo. Ninatumia maji ya vuguvugu, magadi ya kuokea na mswaki wa zamani, halafu maji safi, halafu sabuni ya kuoshea vyombo, halafu maji safi tena. Magadi yakikuta asidi yanatoa povu dogo, na povu likikoma kwenye kona fulani ndipo unajua kona hiyo imepona. Kabla ya kupaka rangi narudia yote, na kuanzia hapo sigusi mwili wa kichwa kwa vidole vitupu, kwa sababu jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuacha alama ya dole gumba chini ya rangi.

Hapa niseme kidogo kuhusu mpangilio wa lehemu, kwa kuwa wengine huukosea na kulazimika kulehemu upya mara tatu, kila mara wakiongeza asidi. Viungo vikubwa vya mwili navifunga kwanza kwa lehemu inayoyeyuka karibu nyuzi 188, vitu vidogo vinavyofuata kwa ile ya nyuzi 145, na madini meupe mwishoni kabisa kwa lehemu ya nyuzi 70, baada ya kuipaka shaba utando mwembamba wa lehemu ya kawaida, kwa sababu ile ya nyuzi 70 haipendi kushika shaba tupu. Ukianza na bomba la moshi la madini meupe ukaja na pasi ya moto kulehemu kitu jirani, utalitazama likiinama mbele ya macho yako. Mimi nililitazama.

Baada ya kuosha ndipo praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Rangi ya kawaida hairidhiki na shaba laini, kwa hiyo tafuta praima ile yenye asidi kidogo ndani yake, ambayo wapiga rangi za magari huitumia kwenye aluminiamu na mabati mapya. Katwe, hapo Kampala, haikosekani. Puliza mara moja, nyembamba, mpaka ubakie ukiiona shaba kwa mbali, kisha uiache siku nzima. Wembamba huo una hesabu yake: tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1, katika kipimo cha 1:76, ni sawa na kukipaka kichwa halisi rangi yenye unene wa karibu milimita 8. Ribiti zote zinazama. Brashi inaweza kufanya kazi nzuri kwenye magurudumu na vishikio, lakini kwenye ubavu wa tangi sijawahi kuona brashi ikishinda bunduki ya kupulizia.

Sasa utando mweupe. Nilikuwa nimeazima kompresa na bunduki ndogo ya kupulizia kutoka kwa fundi wa rangi za magari, nikapuliza rangi ya gari iliyochanganywa na thina kali, jioni ya mwezi wa Aprili, dirisha likiwa wazi na mvua ikiwa imetoka kuacha. Ndani ya dakika chache maruni yangu ikawa kama imemwagiwa maziwa. Nilimpelekea fundi nikilalamika kwamba ameniuzia rangi mbovu. Aliigeuzageuza chini ya taa akacheka, akasema, "Ssebo (bwana), hii si rangi. Hii ni mvua." Alisema kweli. Thina kali inapokauka haraka hupoza uso wa chuma, na hewa yenye unyevu ikikutana na uso huo wa baridi huacha maji ndani ya rangi ambayo bado haijafunga. Sisi tunaoishi karibu na ziwa tuna hewa ya namna hiyo jioni nyingi, achilia mbali majira ya mvua.

Dawa yake alinionyesha palepale: alipuliza thina peke yake, ile inayokauka polepole, kwa ukungu mwembamba sana, rangi ikalainika, maji yakapata njia ya kutoka, na utando ukaondoka. Kwa hiyo wewe wa Entebbe, utando wako unaweza kutibika bila kubandua chochote, kama ungekuwa ndio tatizo pekee. Siku hizi napuliza kati ya saa nne na saa nane mchana, siku isiyo na mawingu, nikiwa nimeweka chujio la maji kwenye mpira wa kompresa, presha ikiwa kati ya pauni 15 na 20 kwa inchi ya mraba, na bunduki ikiwa umbali wa kiganja kimoja. Kisha nafunika kichwa kwa ndoo safi ili vumbi la murramu lisikipate.

Kujua kama rangi imekauka, usiiguse, inuse. Ikiwa bado inanuka rangi, haijakauka, na tepu ya karatasi utakayobandika itaondoka nayo.

Kuhusu rangi yenyewe: umesema unataka maruni ya East African Railways, shirika la reli la zamani la Afrika Mashariki, na nakuelewa, maana hakuna asiyependa zile Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke, za daraja la 59 zilizoundwa Manchester na Beyer Peacock na kupewa majina ya milima yetu. Lakini maruni itokayo koponi, ikikaa juu ya kitu chenye urefu wa dhiraa moja badala ya treni nzima, huonekana karibu nyeusi. Ipunguze ukali kwa tone la nyekundu, wala si nyeupe, kwa kuwa nyeupe itakupa waridi. Namba na majina yabandike juu ya uso unaong'aa, kwa sababu kwenye uso uliofifia hewa hubaki chini ya karatasi na kuacha pete za fedha. Vanishi ya kufifisha ije mwisho.

Kwa kichwa ulicho nacho, tumbukiza mwili wote kwenye thina usiku mmoja, usugue kwa mswaki, kisha uanze na magadi. Toa kwanza mota, magurudumu na chochote cha plastiki au resini, na uwe tayari kwamba vitu ulivyovibandika kwa supagluu vinaweza kuachia; tandaza kitambaa cheupe chini ya beseni kabla hujamwaga, kwani vishikio vya milango vya 1:76 havionekani kwenye sinki.