Linalia, lakini linalia lini?

Tangu niandike kuhusu breki za kushuka Kitonga, simu yangu imejaa sauti. Watu wanarekodi gari likiwa mwendoni, vioo vimeshushwa, kisha wananiuliza, "Fundi, hii ni nini?" Kuna moja niliisikiliza mara tatu. Nilichoweza kutambua ni upepo wa Makambako tu.

Wiki hii nimechagua maswali ya magari yenye nguvu: Altezza, Mark X na Subaru za turbo. Wengi wenu mnaeleza vizuri gari linaliaje, ila mnasahau kusema linalia lini. Mimi hilo la pili ndilo ninalolihitaji zaidi.

Shikamoo fundi. Nina Altezza RS200 ya gia za mkono. Nikiondoka nasikia "ngo!" nyuma, mara moja tu. Nikiachia mafuta halafu nikakanyaga tena, inarudia. Fundi wangu anasema difu limekwisha, niagize lingine Dar. (Kijana wa Uyole)

Marahaba. Hela ya Dar ishikilie kwanza. Pigo moja linalokuja pale nguvu inapogeuka, kutoka kusukuma kwenda kuzuia au kinyume chake, maana yake kuna kitu kimelegea. Difu, lile kasha la gia la kati ya matairi ya nyuma, likiwa limekula meno mara nyingi hulia mfululizo, tena kwa mwendo wa kasi.

Altezza inasukumwa na matairi ya nyuma, kwa hiyo safari ya nguvu ni ndefu. Inapita klachi, giaboksi, propela (mhimili mrefu wa chini ya gari) yenye senta beringi katikati, difu lililoshikwa na bushi za mpira, halafu eksili mbili zenye sivi jointi (viungo vinavyojikunja) kila ncha. Kila kituo kikilegea kidogo, ulegevu unajumlishana njiani, na wewe unausikia kama nyundo moja.

Egesha gari mahali sawa, zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, ingiza gia ya kwanza, achia handibreki. Kama utainua gari, liweke juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kama utaingia chini. Shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Ule msalaba wa jointi ukicheza ndani ya vikombe vyake, umeshampata mshtakiwa mmoja. Endelea hata hivyo. Kamata boliti za flenji ya propela kwa spana, moja moja. Nimewahi kuona gari lililozungushwa gereji tatu kwa sababu ya boliti zilizokazwa kwa mkono zikasahauliwa. Kisha ingiza nondo kati ya difu na fremu inayolibeba, usukume. Difu likiinuka kama mgeni anayeaga, bushi zake zimekwisha, na bushi ni bei ndogo ukilinganisha na difu zima.

Mwishoni kabisa zungusha flenji ya pinioni, gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela. Utakuta inacheza kidogo, na hapo ndipo mafundi wengi wanapotoa hukumu ya difu. Mchezo huo kidogo ni halali. Pinioni na krauni, ile gia kubwa inayosukumwa nayo, lazima ziachiane nafasi, chini ya robo ya milimita, mafuta yapite katikati na joto likija zisikabane. Ikicheza kiasi cha kuonekana kwa jicho kabla krauni haijashikwa, basi fundi wako ana hoja.

Ila uliniandikia meseji ya pili, kwamba jioni mnaachia klachi ghafla pale karibu na Nane Nane kuona nani anaondoka mbele. Mdogo wangu, hiyo ungeiandika mwanzo. Anza na bushi na maunti za injini.

Kamwene. Mark X yangu inavuma kuanzia 70. Ikifika 100 ni kama ndege. Kwenye kona fulani inapungua. Ni difu au beringi? (Mafinga)

Kamwene. Jibu umelibeba mwenyewe kwenye maneno "kona fulani". Ni kona ya upande gani? Gari likikata kulia, uzito unalalia matairi ya kushoto. Mvumo ukipungua kwenye kona za kulia na kuzidi kwenye za kushoto, beringi mgonjwa ni wa kulia, kwa sababu ndiye anayepumzishwa na kubebeshwa. Kinyume chake, ni wa kushoto. Kona ndefu za barabara ya kwenda Iringa zinatosha kukupa jibu, huna haja ya kuyumbisha gari mbele ya malori.

Difu halijali kona kiasi hicho. Lenyewe linajali mguu wako. Siku ukishuka Mbeya, tumia tambarare ya Usangu kati ya Igawa na Chimala, nje ya vijiji, maana wenye tochi hawasikilizi maelezo ya difu. Shika 80. Kanyaga mafuta uone, achia uone, kisha shikilia mguu katikati gari lisipande wala lisishuke. Sauti inayobadilika kila unapobadili mguu inatoka kwenye pinioni, krauni au beringi zake. Sauti isiyojali mguu bali mwendo peke yake iko karibu zaidi na tairi.

Kama badala ya kusikia unahisi mtikisiko, jaribu kuupima kwa mwili. Kwa 80, tairi la kawaida linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na kasoro yake unaihisi kwenye kiti na usukani. Propela inazunguka karibu mara nne ya hapo, kwa kuwa difu ndilo linaloipunguza mbio kabla ya kufika kwenye tairi. Kasoro ya propela inakuja kama mvumo mzito wa sakafuni, ule unaokufanya umeze mate.

Halafu kuna mshtakiwa wa tatu, na huyu mimi aliniaibisha. Nilimfungia mteja beringi mpya mbili za nyuma, nikaenda kujaribu gari, likavuma vilevile. Nikarudi nikiwa kimya. Kijana wangu wa gereji ndiye aliyepitisha kiganja juu ya tairi: kwenda mbele laini, kurudi nyuma linakwaruza kama msumeno. Shokapu zilikuwa zimechoka, alaimenti imepotea, tairi limekula kwa meno. Beringi zile nililipa mimi. Tangu siku hiyo kiganja kinatangulia spana, na kama saizi za matairi ni moja, nahamisha ya nyuma mbele kwanza. Sauti ikihama nayo, umemaliza kwa bei ya kufungua nati.

Ukibaki na shaka ya beringi, inua tairi, lizungushe kwa mkono na huku vidole vimeshika springi yake. Beringi iliyokwaruzika inatetemesha springi hata kama sikio halisikii kitu.

Nina Forester turbo ya otomatiki. Nikikata usukani wote kuingia getini, gari linajivuta na kurukaruka kama limeshikwa breki, na chini kuna "krrr". Nikinyoosha linaacha. (Dada wa Njombe)

Dada, kabla ya lolote niambie: ulinunua matairi mawili mapya hivi karibuni?

Kwenye kona kali matairi ya mbele na ya nyuma hayatembei umbali mmoja. Gari linalosukuma kwa matairi manne linahitaji kitu katikati cha kuruhusu tofauti hiyo. Kikigoma, mbele na nyuma vinavutana, na gari linaruka kama ulivyoeleza. Subaru wanataka mizunguko ya matairi yote isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Ukipiga hesabu, hiyo ni milimita 1 tu ya kimo cha kashata za tairi. Mawili mapya na mawili nusu uzee yanapita hapo mbali sana, na yanachosha kifaa cha katikati kila kilomita, hata ukienda moja kwa moja.

Matairi yakiwa sawa, fungua boneti utafute kikasha cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Subaru nyingi za otomatiki za gia 4 zinacho. Chomeka fyuzi, gari litasukuma kwa mbele peke yake. Rudia kona ya getini. Likiacha kuruka, sahani za klachi ya nyuma ya giaboksi na solenoidi inayoziamuru bado zinaachia; likiendelea kuruka, hizo ndizo za kushukiwa kwanza. Anza kwa kubadilisha mafuta ya giaboksi, wakati mwingine inatosha. Fyuzi itoe baada ya jaribio. Na mtu asikudanganye kuinua matairi mawili tu kisha akakanyaga mafuta, gari hilo litaruka kutoka kwenye jeki.

Hiyo "krrr" ikiwa ni "ta-ta-ta-ta" inayofuata mwendo wa tairi unapokata usukani ukiwa na mafuta, hiyo ni sivi jointi ya nje. Chungulia buti yake, ule mpira unaoifunika. Ikiwa imepasuka utaona grisi imerushwa ndani ya rimu, ikichanganyika na udongo wenu mwekundu.

Fundi mwenzangu, WRX ya gia za mkono inasaga ikiwa imesimama, gia huru. Nikikanyaga klachi inanyamaza. (Makambako)

Beringi ya shafti inayoingia giaboksi, kwa kuwa ukikanyaga klachi shafti hiyo inasimama. Ingekuwa inalia unapokanyaga, ungeshika beringi ya klachi. Ila muulize mwenye gari kama flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) imebadilishwa ikafungwa nyepesi, kwa maana hiyo nayo inagongesha gia kwenye sailensa, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na inanyamaza vivyo hivyo bila ugonjwa wowote. Na pima mafuta kabla hujashusha boksi: kwenye Subaru hiyo giaboksi na difu la mbele vinakunywa kikombe kimoja.

Tumefunga gia za meno yaliyonyooka na difu la LSD kwenye Impreza ya rally. Sasa gia zinalia kama mashine ya kusaga, na kona za polepole nyuma inagonga-gonga. (Vijana wa Iringa)

Mlio wa gia ni wa kwao. Meno ya mshazari yanaingiana kidogo kidogo, ya kunyooka yanapokelewa jino zima kwa mpigo, ndiyo maana yanalia. Vaeni helmeti.

Kugonga-gonga ni sahani za LSD, difu linalozuia tairi moja kuzunguka bure, zinazonata na kuachia. Ziwekeeni mafuta ya difu yenye kiongezi cha LSD, mzunguke polepole mfano wa namba 8 uwanjani mara kadhaa, kisha muyamwage muweke mapya. Kama difu ni la Torsen, lile la gia tupu bila sahani, dawa hiyo haihusiki, tafuteni kwenye jointi.

Nataka kununua Altezza hapa Tukuyu. Nimeambiwa wauzaji huweka ndizi au unga wa mbao kwenye difu lisilie. Ni kweli? (Mnunuzi)

Ni ujanja wa zamani wa madalali, hasa ule wa unga wa mbao. Unaziba nafasi kati ya meno, sauti inazama kwa siku chache, baadaye mafuta hayafiki tena kwenye beringi. Ndizi za Tukuyu ni nzuri mno kuzipotezea humo.

Omba gari lipashwe moto kwa kilomita kumi, kisha nati ya juu ya difu ifunguliwe kwanza. Isipofunguka, usiruhusu wafungue ya chini, mtabaki na difu tupu. Mwaga mafuta kidogo kwenye beseni jeupe. Nati yenye sumaku ikitoka na uji wa kijivu laini kama wanja, hiyo ni kawaida ya umri. Ikitoka na vipande vya chuma vinavyochoma kidole, punguza bei ya difu zima au ondoka. Ukikuta unga wa mbao, mrudishie mwenye gari funguo zake, mwambie ndaga, yaani asante, upande daladala.